Wenye magari yaliyopita kilometa laki mbili tukutane hapa: kubahatisha kwa mafundi kunatumaliza

Allion Namba C (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Uzi huu ni wa sisi ambao gari limeshapita kilometa laki mbili, hatuna mpango wa kuliuza wala hela ya kuagiza lingine, na mshahara ukiingia tu gereji imeshaupigia hesabu. Nimechoka na nina hasira, ila nataka tuzungumze kwa kina ili mtu akisoma hapa atoke na kitu.

Langu ni Toyota Allion ya 2003, injini 1ZZ ya cc 1800, namba C. Odometa inasoma 287,000 na ushee. Nalipenda gari hili. Limepeleka watoto shule, limebeba wagonjwa usiku wa manane, limefika Songea na kurudi. Bushi zikiisha nanunua bushi, shokapu ikivuja nabadilisha, na breki pedi kazi yake ni kulika. Gari lenye zaidi ya miaka 20 likidai vitu hivyo linadai haki yake, sinung'uniki.

Kinachonitoa roho ni kulipia vitu ambavyo havikuwa vibovu.

Chukueni suala la kuchemsha. Lilianza kuchemsha kwenye foleni ya Mbagala Rangi Tatu, jioni, AC imewashwa. Nikitoka kwenye foleni likapata upepo, mshale unarudi wenyewe. Fundi wa kwanza hakuuliza linachemsha wapi wala saa ngapi. Alifungua boneti, akatazama, akasema, "Bosi, gaskiti hiyo, tushushe hedi," yaani tufungue sehemu ya juu ya injini. Wa pili akasema pampu ya maji, ikanunuliwa, ikafungwa, gari likaendelea kuchemsha vile vile. Wa tatu aling'oa thermostati, akaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, akaniambia Dar kuna joto, kidude hicho ni cha nchi za baridi.

Naomba hili la thermostati tulimalize hapa hapa maana limeharibu magari mengi. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye radieta mpaka injini ifikie joto lake la kazi. Kwenye Toyota nyingi inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, injini inachelewa kupata joto, kompyuta inaona injini bado ya baridi na inaendelea kuongeza petroli. Gari linakunywa mafuta, oili inachafuka upesi, silinda zinalika. Na kwenye foleni litachemsha tu, kwa sababu ugonjwa haukuwa pale.

Mwisho nililiwasha nyumbani, boneti wazi, AC nimezima, nikasimama pembeni nikiangalia feni. Mshale ukapanda, ukavuka nusu, feni imelala. Nikazima. Nikachomoa releyi ya feni, ile swichi ndogo ya umeme inayoiwasha, kwenye boksi la fyuzi, nikapachika ya honi iliyofanana nayo namba na miguu, nikawasha tena. Mshale ulipofika pale pale, feni ikazunguka. Releyi! Kidude kidogo kuliko kiberiti, na hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyefikiria kusubiri dakika kumi aone feni inafanya nini.

Kwa hiyo gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa barabarani, anzia kwenye feni. Linalochemsha likiwa kasi au likipanda mlima, hapo ndipo uulize radieta iliyoziba au pampu. Na kabla ya yote, angalia mfuniko wa radieta. Unatakiwa kushika presha, na hiyo presha ndiyo inayofanya maji yasichemke yakifika nyuzi 100. Raba ya mfuniko ikichoka, maji yanachemka mapema na kufurika kwenye kopo la akiba, na mwenye haraka atakuambia ni gaskiti ya hedi. Mfuniko ni kati ya vitu vya bei ndogo kabisa kwenye mfumo mzima wa kupoza, na ndiyo wa mwisho kuangaliwa.

Halafu gari likaanza kumisi, silinda moja inaruka moto. Nikaambiwa ninunue koili zote nne, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi. 1ZZ ina koili moja juu ya kila plagi, na zote zinafanana, kwa hiyo kuipata mbovu hakuhitaji hata senti. Unasoma kodi, yaani namba ya hitilafu inayotunzwa na kompyuta ya gari. P0302 maana yake silinda namba 2 haichomi. Unachukua koili ya namba 2 unaihamishia namba 3, unafuta kodi, unaendesha kidogo. Ikirudi P0303, koili ndiyo mbovu, imehama na ubovu wake. Ikibaki P0302, iache koili, angalia plagi, kisha nozeli ya petroli, kisha kompresheni, yaani presha ya ndani ya silinda. Kwangu ilikuwa koili moja. Tatu zingine zingetupwa nzima.

Ya mwisho ni taa ya injini, kodi P0171. Nikaambiwa sensa ya oksijeni imekufa. P0171 inasema kwamba hewa imezidi kwa petroli iliyopo. Sensa ndiyo iliyotoa taarifa hiyo, na mara nyingi maana yake inafanya kazi! Hewa ya ziada inaingia wapi? Nikalegeza lile bomba la raba linalotoka kwenye boksi la chujio la hewa, nikalikunja kwa mkono, na kwenye mikunjo ya upande wa chini, ambako jicho halifiki likiwa limefungwa, kulikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Raba imekauka kwa umri. Hewa inaingia hapo bila kupita kwenye sensa inayopima hewa, kwa hiyo kompyuta haiijui wala haiihesabu.

Wakuu, hili ndilo linaloniuma. Mafundi wanapima kwa pochi zetu. Kila spea inayobadilishwa ni jaribio lao, na jaribio tunalilipa sisi, na likishindikana hakuna anayerudisha hela. Gari jipya linavumilia mchezo huo kwa sababu huwa na kasoro moja kwa wakati. La kwetu lina kasoro ndogo ndogo tano zinazoishi pamoja, na ukibahatisha humo ndani humalizi.

Sasa nina swali. Linakula oili, lita moja kila kilometa 800 hivi. Halivuji chini, na moshi siuoni. Nimeshaambiwa nishushe injini ninunue nyingine ya mtumba. Kabla sijafanya hivyo, nataka nijue napima nini.

Mzee wa Kariakoo

Mkuu pole. Lakini mimi nakuambia ukweli, piga bei hilo. 1ZZ ya miaka hiyo kula oili ni ugonjwa wa kuzaliwa. Uza, ongezea, chukua IST au Premio yenye injini ya 1NZ, uishi kwa amani. Gari likishafika hapo unalisha wewe, halikulishi.

Allion Namba C (mleta mada)

Mzee wangu, shikamoo. Nimelifikiria sana hilo. Nikiuza, napata hela ya kununua gari la mtu mwingine lenye matatizo nisiyoyajua. Haya ya kwangu nayajua kwa majina. Nikisema niagize, gari likizidi miaka 8 TRA wanaongeza ushuru wa uchakavu, na likizidi 10 ushuru huo unapanda zaidi. La chini ya miaka 8 bei yake huko Japani siiwezi.

Na suala la kilometa, tusidanganyane. Mjapani hauzi gari kwa sababu limekufa. Kule kuna ukaguzi wa lazima wanaouita shaken, gari jipya linakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ni gharama kubwa. Likivuka miaka 13 na kodi ya mwaka inaongezwa. Mtu anaona bora auze kabla ukaguzi haujafika. Kuna magari yanatoka kule na kilometa laki na nusu yakiwa mazima kabisa kwa sababu oili ilimwagwa kwa wakati, na kuna la elfu 60 kwenye dashibodi ambalo usukani umeng'aa na pedeli ya breki imelika mpaka chuma. Ukinunua angalia pedeli, usukani na kiti cha dereva. Vitu hivyo havirudishwi nyuma kwa kompyuta kama odometa.

Fundi wa Tabata

Mleta mada, mimi ni fundi, nimekusoma mpaka mwisho na sikubishii hata kimoja. Ila weka na upande wetu.

Mteja akija nikimwambia kupima peke yake ni elfu thelathini kabla sijagusa bolti, ananiangalia kama mwizi. Anaondoka, anakwenda kwa jirani anayepima bure. Hiyo bure anailipa kwenye spea, kwa sababu jirani lazima aweke cha juu dukani ili ale. Nikikaa saa nzima na multimita nikagundua waya umekatika, nikaunganisha kwa dakika mbili, mteja anasema "waya tu?" na anataka kunipa elfu tano. Nikimbadilishia alternata nzima isiyo na shida, anatoa laki na nusu na kushukuru. Sasa niambie, umemfundisha nini fundi?

Nawaomba wenye magari ya zamani, mkubali kulipia kupima kama bili inayojitegemea. Mkubaliane kabla. Fundi aseme nitapima hiki na hiki, nikuonyeshe namba, uamue mwenyewe ununue wapi. Mtaona mafundi wangapi watabadilika.

Kuhusu oili yako: usishushe injini kwanza. Hatua ni hizi, kwa mpangilio wa gharama.

Anza na valvu ya PCV, ile inayopumulisha gesi za ndani ya injini, iko kwenye mfuniko wa juu wa injini. Ichomoe uitikise sikioni. Isipolia imeziba, na ikiziba presha ya ndani inasukuma oili kwenda kuungua. Bei yake ni ndogo sana.

Pili, angalia moshi asubuhi. Mwambie mtu awashe gari lililolala, wewe usimame nyuma. Ukitoka wa bluu kwa sekunde chache kisha ukaisha, sili za valvu zimekauka, oili imedondokea ndani usiku. Ukitoka wa bluu ukikanyaga mafuta barabarani, ringi za pistoni. Mweupe usioisha na maji yanapungua, hapo ndipo gaskiti. Mweusi ni petroli nyingi, hauhusiani na oili.

Tatu, kompresheni, zote nne, injini ikiwa na moto na pedeli imekanyagwa mpaka chini. Andika namba. Tofauti kati ya silinda na silinda kwenye injini hizi isizidi baa moja, PSI 14 hivi. Iliyo chini, mwagia oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi zinavuja. Isipopanda, valvu.

Na nisikilize hapa. Kwenye 1ZZ kompresheni inaweza kuwa nzuri kabisa na bado gari likala oili. Pistoni ina ringi za kushika kompresheni na ringi ya chini ya kukwangua oili. Pistoni za 1ZZ za mwanzo zilitobolewa vitundu vidogo na vichache vya kurudishia oili. Vikiziba kwa masizi, ringi ya oili inaganda kwenye mfereji wake na kuacha kukwangua. Toyota walizibadili pistoni hizo baadaye, kwa hiyo za kuanzia 2005 zina nafuu. Ndiyo maana injini ya mtumba ya mwaka ule ule wa gari lako ni kununua ugonjwa ule ule kwa hela mpya.

Wakati unajipanga, chomoa dipstiki kila wikiendi, gari likiwa limesimama sehemu tambarare. 1ZZ inabeba lita 3.7 tu pamoja na filta. Ukipoteza moja umepoteza zaidi ya robo. Watu wengi wanasubiri taa nyekundu ya oili. Ile taa haipimi wingi wa oili, inapima presha. Ikiwaka ujue vyuma vimeshaanza kusuguana vikavu.

Mwalimu wa Kibaha

Fundi, Mungu akubariki kwa maelezo haya. Mimi nina Raum, limetembea sana tu, na tatizo langu ni dogo kwa wengine ila linanitesa. Likilala siku mbili bila kuwashwa, asubuhi halishtuki. Betri ni mpya. Nimeambiwa alternata haichaji, nikaambiwa tena stata. Ninafundisha shule iliyo mbali na barabara ya lami, nikichelewa ni darasa zima linakaa bila mwalimu.

Fundi wa Tabata

Dada yangu, kabla hujanunua hata fyuzi, tafuta multimita. Gari likiwa limezimwa na limepumzika, betri nzima inasoma volti 12.6 hivi. Washa injini, pima tena pale pale kwenye betri. Ukiona kati ya 13.8 na 14.4 alternata inachaji, achana nayo. Na stata huisingizii. Isingekuwa inawasha gari siku zingine.

Hapo itabaki kwamba kuna kitu kinanyonya umeme gari likiwa limelala. Fungua nati ya nyaya hasi ya betri. Multimita iweke kwenye ampia, waya mmoja kwenye nyaya uliyofungua, mwingine kwenye ncha hasi ya betri, ili umeme wote upitie kwenye multimita. Funga milango, toa funguo, subiri nusu saa kompyuta zilale. Usiwashe gari wala usipige honi ikiwa hivyo, utaunguza fyuzi ya multimita. Chini ya miliampia 50 ni kawaida. Ukiona 200, 300, umemkuta mwizi wako. Chomoa fyuzi moja moja, ukichomoa namba ikaporomoka, hiyo ndiyo laini yake. Usiende kununua kitu mpaka ujue laini hiyo inalisha nini.

Mwalimu wa Kibaha

Nimerudi na majibu. Shemeji yangu ni fundi umeme wa majumbani, tumefanya pamoja jana jioni. Alternata inasoma 14.1. Tulipopima kunyonya ilikuwa miliampia 340. Tukachomoa fyuzi mpaka tukafika ya redio, namba ikashuka hadi 20. Aliyenifungia redio alichukua waya wa moto wa moja kwa moja akaunganisha na ule unaotakiwa kuwaka na funguo, kwa hiyo redio haizimiki kabisa, kioo tu ndicho kinachozimika. Tumetenganisha. Gari limelala tangu jana, leo limeshtuka mara moja.

Nimepiga hesabu ya betri niliyonunua na ile alternata ya mtumba iliyoko bado stoo. Imeniuma sana.

Nyali Kuukuu

Hamjambo ndugu zangu. Nawafuata kutoka Mombasa. Huku Kenya hatuingizi gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo magari yetu makuukuu yamezeekea mikononi mwetu wenyewe. Premio yangu ya 2004 iko hapa tangu zamani na naijua kila nati.

Ningependa kuongeza jambo ambalo sijaona likitajwa: umri, mbali na kilometa. Gari likikaa pwani, kilometa si kitu, adui ni upepo wa chumvi. Tazama chini ya gari, hasa mabomba ya chuma ya breki yanayokwenda nyuma, pale yanaposhikwa na klipu. Maji na mchanga hukaa ndani ya klipu na kutu hula kutoka kwa ndani. Mimi lilipasuka nikiwa nakanyaga breki karibu na kivuko cha Likoni, pedeli ikaenda hadi chini. Alhamdulillahi nilikuwa polepole na breki ya mkono ilishika. Mekanika alikuwa ameniuzia pedi mpya mwezi huo huo, hakuinama kuangalia bomba. Osheni chini ya gari kwa maji matamu, na kila mkibadilisha oili mwambieni mtu apige tochi humo.

Na tairi pia. Tairi yaweza kuwa na meno mazuri na bado imekufa. Ubavuni kuna tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na herufi za DOT. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi za mtumba zinazouzwa zikiwa zimepakwa rangi nyeusi zing'ae, mwambie muuzaji akusomee hizo nne kwanza.

Dereva wa Nyanda za Juu

Wakuu, niongezee la mlimani maana nyie wa Dar na Mombasa hamna milima.

Mimi njia yangu ni Iringa kwenda Dar na kurudi, na mlima Kitonga naujua kona kwa kona. Mwaka jana nilikuwa nyuma ya jamaa mwenye Mark II GX100, tunapanda. Aliegesha, boneti inatoa mvuke, nikasimama kumsaidia. Akaniambia mshale ulipanda mpaka mwisho, halafu ukashuka ghafla hadi kwenye baridi, akashukuru Mungu, akaendelea kupanda. Injini ikasizi pale pale.

Ndugu zangu, ukiona mshale umepanda sana kisha ukaanguka wenyewe hadi chini wakati unapanda mlima, simama hapo hapo. Sensa ya joto inapima maji. Maji yakiisha inabaki kwenye hewa na mvuke, haina cha kupima, mshale unalala. Gari halijapoa. Limekauka. Yule jamaa alikuwa na watoto wawili na mama yake mzazi kwenye gari, ikabidi nipakie familia mpaka Iringa, yeye akabaki na gari akisubiri la kulivuta. Sijui kama alikuja kulifufua.

Na kushuka, msiteremke Kitonga na D mkishikilia breki. Wekeni 2 au L, injini ishike. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kadiri yanavyokaa, na yakiwa na maji yanachemka kwa joto dogo, mvuke unaingia kwenye bomba na pedeli inakuwa laini. Kwenye gari la zamani mafuta hayo mara nyingi hayajawahi kubadilishwa tangu Japani. Miaka miwili, yamwagwe.

Mzee wa Kariakoo

Nimeelimika. Mleta mada, niliposema uuze nilisema kwa nia njema, lakini uzi huu umenifanya nikaangalie mfuniko wa radieta ya Noah yangu. Raba imekatika vipande. Nilikuwa naongeza maji kila asubuhi nikiamini ni uzee.

Fundi wa Tabata, swali: spea gani ninunue mpya na gani mtumba? Pale kwenye maduka ya spea ya Gerezani kila mtu ana lake.

Fundi wa Tabata

Mzee wangu, shikamoo.

Kanuni yangu: chochote cha raba au kinachosuguana nachukua kipya. Bushi, mauntingi, hosi, belti, sili, beringi. Raba ya mtumba ina miaka ile ile ya gari lako. Chochote cha chuma au cha umeme kilichotengenezwa vizuri tangu mwanzo, mtumba halisi wa Japani unashinda kipya cha bei rahisi. Alternata, stata, koili, rezista ya feni, taa, loki za milango. Shokapu za mtumba wengi wanapenda, mimi nazipenda kama tu nimezibonyeza kwa mkono zikarudi taratibu na hazina alama ya oili kwenye fimbo.

Gia boksi usiguse bila kusoma kitabu. Gari linalotaka oili ya CVT, ile gia boksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua, ukilimwagia ATF, oili ya otomatiki ya kawaida, umeliua, na hiyo haina dawa. Andikeni aina ya oili kwa kalamu ndani ya boneti, ili hata fundi mgeni akifungua aone.

Na muwe na daftari. Tarehe, kilometa, kimefanyika nini, namba zilisomaje. Mteja akija na daftari mimi namheshimu mara mbili, na kazi yangu inakuwa nusu.

Allion Namba C (mleta mada)

Wakuu nashukuru mno. Nimefanya kama fundi alivyoelekeza.

PCV niliitikisa, kimya kabisa. Nimeweka mpya. Asubuhi mke wangu aliwasha mimi nikiwa nyuma, hakuna moshi wa bluu. Barabarani jirani alinifuata na gari lake akasema anaona kidogo sana nikikanyaga kwa nguvu. Kompresheni nilimlipa fundi wa mtaani elfu ishirini kwa kupima tu, akashangaa, lakini akapima vizuri: 172, 168, 174, 170. Tofauti PSI 6. Zote zimesimama.

Kwa hiyo nilivyoelewa, ringi za juu nzima, sili za valvu nzima, na ringi za oili ndizo zimeganda. Nimeendesha na PCV mpya, ulaji umepungua ila haujaisha. Sasa ni lita kwenye kilometa 1,100 hivi. Nina njia mbili: kumwaga dawa ya kulainisha masizi kwenye matundu ya plagi ilale usiku kucha kisha nimwage oili, au nishushe, niweke pistoni za toleo la baadaye na ringi mpya, silinda zikiwa nzima.

Fundi wa Tabata, wewe ungefanyaje?

Fundi wa Tabata

Namba zako ni nzuri kuliko za magari mengi ya laki moja. Hiyo injini haistahili kutupwa.

Anza na dawa, ni bei ndogo. Ukiwasha baadaye litatoa moshi mwingi, liwashie nje, mbali na watu. Mwaga oili na filta mara moja, maana dawa imeshuka chini. Weka 5W-30 nzuri, usikubali ile nzito ya 20W-50 inayosifiwa kwamba inaziba ulaji. Kwenye injini ya VVT-i, ambayo mfumo wake wa valvu unaendeshwa na presha ya oili, oili nzito inachelewa kufika juu asubuhi, na ringi iliyoganda haiganduki kwa uzito. Kisha badilisha oili mapema, kwenye kilometa elfu tatu, ili masizi yaliyolainika yatoke. Pima ulaji hapo tena. Ukishuka hadi lita kwenye elfu mbili au tatu, baki hapo, ongeza oili, endesha. Usiposhuka, tushushe, na pistoni utazitafuta kwa namba ya toleo jipya, siyo kwa maneno ya muuzaji.

Ukija Tabata kupima, nitakutoza. Elfu thelathini.

Allion Namba C (mleta mada)

Nitailipa kwa moyo mmoja. Dawa nanunua Ijumaa, inalala usiku, Jumamosi asubuhi namwaga oili. Nikifika kilometa elfu moja naleta namba hapa, zikiwa nzuri au mbaya. Wengine wenye 1ZZ leteni zenu: mwaka wa gari, kilometa, ulaji wa oili kwa kilometa elfu, na PCV inalia au hailii.